Pale Alipokuwa Akizima Deki

15 Mei
Daftari hili nimelinunua niandike dawa za Mzee: ya presha asubuhi, ya kuyeyusha damu jioni. Kazi hiyo imekula ukurasa mmoja, na mwalimu hata akistaafu hawezi kuona kurasa tupu akaziacha. Basi nitaandika.

Leo ziwa limefungwa. Miezi mitatu hakuna kuvua, dagaa wazaliane. Kule Kibirizi mitumbwi imevutwa mchangani. Mzee, mume wangu Bonaventura, ameshinda barazani akiangalia upande wa ziwa. Nilimuuliza kama anasikia baridi, akasema, "Haya." Nikamuuliza kama anasikia joto, akasema, "Haya." Tangu kiharusi cha Februari ndilo neno pekee lililobaki kinywani mwake, yeye ambaye watu walikuwa wanatoa kiingilio kumsikiliza akisema.

16 Mei
Dawa kanywa. Maharage.

17 Mei
Maharage.

19 Mei
Amekuja Mwanvua, jirani yetu hapa Rusimbi, Ujiji. Ndiye mwenyekiti wa akina mama wanaoanika dagaa. Wazazi wake walivuka kutoka Kongo yeye akiwa mgongoni, na mdomo wake haujapumzika tangu siku hiyo. Anasema pwani imekufa, wanawake wanakaa kwenye chanja tupu wakisutana. Wamepanga kwamba tarehe kumi na nne Agosti, siku moja kabla ya ziwa kufunguliwa, watu wakutane katika ukumbi wa zamani wa Mzee kule Buzebazeba waonyeshwe ile filamu ya taa, kama zamani.

Nikamuuliza nani atasimulia. Akaninyooshea kidole.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemsomea kitabu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nimemwambia mimi si koleo. Ameondoka akicheka, na anayecheka hivyo atarudi tu.

22 Mei
Upepo umevuma kutwa nzima na vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi. Kazi hakuna, acha niandike ilivyokuwa.

Mwaka 1994 Mzee alikuwa na ukumbi wa video. Matofali mabichi, mabati, mabenchi, televisheni yenye mgongo mkubwa, deki moja ya kuchezea kanda. Wakati wa mbalamwezi wavuvi hawaendi ziwani, maana dagaa hawafuati taa mwezi ukiwaka. Wiki hiyo ndiyo ilikuwa wiki ya filamu, kuanzia saa tisa alasiri. Filamu zenyewe zilikuwa za lugha za watu. Mzee alisimama kando ya televisheni akisimulia kwa Kiswahili, akichomeka Kiha pale pa kuchekesha. Kila mzungu alipewa jina la hapa. Theluji ilipoanguka aliwaambia kule Mungu anaanika unga wa muhogo.

Kanda ya taa ililetwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Bujumbura. Ilikuwa na maneno mengi na ngumi hakuna; Mzee alijaribu mwanzo wake peke yake, hakuielewa. Mimi niliposoma jalada nikalitambua jina. Kitabu chake kilikuwa maktaba ya parokia, kwa Sista Agnesi. Nikakiazima. Kila jioni Mzee akila, mimi nasoma kile Kiingereza, kisha namweleza kwa Kiswahili. Ilituchukua wiki tatu. Sijawahi kuona mtu akila ugali polepole kiasi kile.

Hadithi ni ya mke wa mkuu wa stesheni, stesheni ya mwisho kabisa, reli inapoishia. Binti yake amegombana naye, amepanda treni, ameondoka. Tangu siku hiyo kila treni ikiingia yule mama anatoka na taa ya mkono na kumulika nyuso za wanaoshuka. Mzee aliposikia reli inaishia pale akaacha kutafuna. Alisema, "Hii ni Kigoma hii." Yule mama akapewa jina la Yusta.

Kitabuni binti harudi. Yusta anazeeka na taa yake. Mzee alipoitazama kanda peke yake mpaka mwisho, alikuja akaniambia filamuni binti anarudi. Nilimjibu kimwalimu: "Kitabu ni kitabu. Filamu ndiyo inayodanganya." Akaniangalia kidogo, akasema haya. Kumbe hata enzi zile.

Tangu hapo, kila alipoionyesha, treni ya mwisho ikianza kuingia alizima deki na kumalizia kwa mdomo. Hakuna mtu mwingine Ujiji nzima aliyewahi kuuona mwisho wa filamu ile. Mimi mwenyewe sikuingia ukumbini hata mara moja, maana mwalimu wa kike akionekana kwenye benchi la video na wavuvi, kesho yake anaitwa ofisini. Lakini nilijivunia. Nilijua mle ndani kitabu ndicho kilichoshinda.

23 Mei
Nimesoma ya jana. Kuna mahali nimeruka. Nimeacha hivyo hivyo.

30 Mei
Kliniki. Presha imeshuka. Daktari kijana kamwita Mzee "Baba Meshack", kasikia majirani wakituita hivyo. Meshack, mwanetu, yuko Dodoma. Si mtoto wetu wa kwanza.

3 Juni
Mwanvua amerudi, na mgebuka mkavu wa kabla ya ziwa kufungwa. Nimekula samaki wake na bado nimekataa.

11 Juni
Nimekubali, na si kwa sababu ya Mwanvua. Asubuhi nilikuwa napepeta mchele. Mzee akainuka, akaburuta mguu wake mpaka chumbani, akakaa huko muda mrefu nikidhani ameanguka. Akatoka na ile kanda kwenye mkono wa kushoto, ndani ya jalada lake lililobanduka. Akainama na kuniwekea mapajani, juu ya mchele.

12 Juni
Nimeipeleka kanda kwa Onesmo, fundi wa redio pale Mwanga. Kaifungua, kaisikitikia kama mgonjwa. Ina ukungu. Atajaribu kuihamishia kwenye kompyuta.

14 Juni
Baridi ya asubuhi. Dawa.

20 Juni
Onesmo amefanikiwa. Nilikaa dukani kwake saa nzima na nusu nikitazama kwa mara ya kwanza filamu ambayo nimeisema vibaya kwa miaka thelathini na moja.

Na leo naisema vibaya kwa ushahidi. Kitabuni Yusta ni mnene, ana hasira, anapigana na kuku wa jirani, na ndiyo maana binti alikimbia. Filamuni ana kiuno chembamba na nyusi zilizonyolewa, na wala huelewi binti alikimbia nini. Kitabuni baridi inachukua kurasa arobaini, mpaka msomaji anasikia vidole vikiuma. Filamuni inapita kwa wimbo mmoja. Mkuu wa stesheni kitabuni ni mtu mzuri asiyejua la kusema. Filamuni ni mlevi, kwa sababu ulevi unaonekana kwa macho na ukimya hauonekani.

Ila niseme kweli. Kuna mahali Yusta yuko jikoni, treni inapiga honi mbali, mkono wake unasimama juu ya sufuria. Basi. Kitabu kilitumia kurasa mbili kwa jambo hilo na hazikufikia ule mkono. Nimekaa na jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, na limeniudhi.

Treni ya mwisho ilipoanza kuingia nilimwambia Onesmo azime. Akashangaa. Nikamwambia ndiyo desturi ya filamu hii.

25 Juni
Naandika maneno ya kusimulia. Nasoma kwa sauti, Mzee anasikiliza. Nikiharibu anafunga macho.

26 Juni
Amefunga macho mara kumi na moja.

1 Julai
Leo nilimwita Mwanvua anieleze Mzee alivyokuwa anamaliza, nifuate hivyo hivyo. Nilidhani yatakuwa maneno yangu tu.

Anasema alikuwa na miaka kumi na sita, akikaa benchi la mbele. Treni ikianza kuingia Mzee alizima deki, ukumbi ukawa na giza isipokuwa mwanga wa matundu ya mabati. Akasema: "Hapa picha inadanganya. Mwalimu amekisoma kitabu. Sikilizeni." Kisha akasimulia jinsi Yusta anavyotembea kando ya mabehewa na taa. Katika filamu nzima binti hakuwa na jina, alikuwa binti tu. Pale mwishoni, gizani, Yusta alikuwa anamwita. Na jina alilomwita lilikuwa Stephania.

Mwanvua akakivuta kitenge chake begani.

"Sisi wote tulijua anamlilia nani," akasema. "Mlikuwa mmemzika mwaka uleule. Wavuvi walivua kofia, Mwalimu. Kila mara."

Nilimuuliza kila mara maana yake nini. Akasema kila mbalamwezi, miaka minne, mpaka ukumbi ulipofungwa.

Stephania alikuwa wetu wa kwanza. Surua, Machi 1994, miaka saba. Baada ya maziko nilikusanya nguo zake, madaftari yake, kiti chake kidogo, nikavitoa vyote. Nilimwambia Mzee jina lile lisitajwe ndani ya nyumba hii kwa sababu nikilisikia nitashindwa kusimama mbele ya darasa. Watu walituita Mama Stephania na Baba Stephania, nikaacha kuitika mpaka wakahamia kwa Meshack. Mzee alitii. Nilidhani wanaume husahau upesi, na mara nyingine nilimchukia kwa hilo. Kumbe alikuwa anakwenda kulia Buzebazeba, saa kumi na moja alasiri, mbele ya watu mia moja.

2 Julai
Sikupika. Mwanvua kaleta uji.

4 Julai
Nitaandika lile nililoruka.

Kitabu kile hakikuwa na mwisho. Jioni ile ya mwisho nilifungua ukurasa, nikakuta treni inaingia, Yusta anainua taa, nikageuza, nikakuta jalada. Kurasa zilichanwa. Labda mtu alifungia karanga, labda alisokotea tumbaku. Mzee alikuwa ameshika tonge, hakulipeleka mdomoni, ananisubiri. Ningeweza kusema zimechanika. Badala yake niliendelea kuangalia pale pasipo na kitu, macho yangu yakitembea kana kwamba yanasoma, nikasema binti hakuwemo. Nikasema Yusta alirudi ndani, akaisafisha taa, akaitundika kwa ajili ya treni ya Alhamisi.

Ilikuwa miezi saba tangu tumzike. Sikuweza kumtoa mtoto wa mtu mwingine ndani ya behewa akiwa mzima.

Kesho yake nilimwambia Mzee akirudishe kitabu. Alipokuja kusema filamuni binti anarudi, nikamjibu lile jibu la kitabu ni kitabu. Nimelirudia kwa walimu wenzangu, kwa wanafunzi, kwa padri mmoja. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka thelathini na moja na sijafika.

Sasa nifanye nini tarehe kumi na nne? Nikizima pale alipokuwa akizima, nauendeleza uongo. Nikiuacha mwisho ule waone, Mzee atakaa mbele ya mji mzima na kuona kwamba mwalimu wake alimdanganya, na kwamba alimlilia mtoto wake kwa maneno ya uongo. Hawezi hata kunigombeza. Atasema haya.

5 Julai
Dawa kanywa.

8 Julai
Moshi wa mashamba. Milima ya Kongo haionekani tena.

12 Julai
Onesmo amerudisha kanda. Kasema ndani ya jalada, nyuma ya ile karatasi ya picha, kulikuwa na kikaratasi. Hakukisoma. Namwamini, maana asingenipa kwa uso mkavu vile.

Ni mwandiko wa Sista Agnesi, Mungu amrehemu, ile miandiko ya watawa iliyonyooka. Nanakili:

"3 Novemba 1994. Bwana Bonaventura, kitabu nimekipokea. Ulichoniuliza ni kweli, kurasa za mwisho hazipo, zilichanwa kabla mkeo hajakiazima, na mimi ndiye nimekosa kumwambia. Mpe Mwalimu pole. Najua hakuufikia mwisho."

Nimeusoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini kabisa, kwenye sakafu ya baraza, miaka sitini na sita na magoti haya.

Alijua. Alijua kabla hajaionyesha filamu ile hata mara moja. Alikuja akaniambia binti anarudi, akanipa nafasi niseme, mimi nikamtolea ukali, akasema haya. Kisha akaenda kuzima deki. Kwa miaka minne alizima deki ili asitokee mtu hata mmoja Ujiji wa kusema mke wake ameongopa. Na pole ya Sista hakuifikisha, kwa sababu angeifikisha ningejua kwamba anajua.

Nilikwenda nikamwekea kikaratasi gotini. Alikiangalia muda mrefu. Macho yake bado yanasoma, daktari alishathibitisha. Kisha akakigeuza kifudifudi na kukifunika kwa mkono wake mzima, akatazama ziwa.

13 Julai
Dawa kanywa. Niko naye tu.

21 Julai
Onesmo ameuliza kama nataka kuutazama ule mwisho nijiandae. Nimekataa. Nitauona na wengine.

28 Julai
Mwanvua na wenzake wamefagia ukumbi. Siku hizi ni ghala la mahindi. Panya wamehama kwa hasira.

2 Agosti
Nimesimulia mbele ya Mzee filamu nzima mpaka pale alipokuwa akizima. Hakufunga macho hata mara moja. Nilipofika pale nilifunga daftari, naye hakunidai.

9 Agosti
Kuna watu wameanza kushona nyavu. Pwani ina harufu ya lami, mitumbwi inazibwa. Nimegundua nilikuwa nimeisahau harufu ile.

13 Agosti
Gauni limepigwa pasi. Nimejikagua kwenye kioo kama siku ya kwanza ya kufundisha, Ilagala, mwaka 1981.

14 Agosti
Walijaa mpaka mlangoni. Wavuvi waliokuwa vijana enzi zile sasa wana mvi, wamekuja na wajukuu. Tulimweka Mzee mbele, kwenye kiti chenye mikono, kando ya meza ya kompyuta ya Onesmo. Wote waliopita walimpa shikamoo, hata wale wanaokaribiana naye umri.

Nilianza vibaya. Sauti ilikuwa ya darasani, nikawaona wanakaa wima kama wanaosubiri kuulizwa swali. Ilipoanguka theluji nikasema Mungu anaanika unga wa muhogo, ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na tangu hapo tukaenda vizuri. Niliwaambia pia mambo ambayo filamu imeyaacha: unene wa Yusta, wale kuku. Mkono uliposimama juu ya sufuria sikusema kitu. Niliwaacha wauangalie.

Treni ya mwisho ikaanza kuingia. Watu wakajua. Nilisikia mabenchi yakilia, wale wa zamani wakijiandaa kwa giza. Nikamwona Mzee ameinua mkono wa kushoto. Ulikuwa unapapasa juu ya meza, kando ya kompyuta, polepole, ukitafuta kitufe cha deki ambayo haipo tena. Hata sasa, na kikaratasi amekisoma, alitaka kunizimia.

Nikaushika ule mkono. Nikamwambia Onesmo aache iende.

Treni ikasimama. Yusta akatembea na taa, akamulika mzee mmoja, akamulika askari, akamulika mama na kapu. Moshi ukajaa. Kisha akashuka msichana na begi, na Yusta akaileta taa karibu na uso wake, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Hakuna aliyesema neno mle ndani ya filamu. Hapakuwa na cha kutafsiri. Taa ikashushwa chini, na picha ikaisha.

Mji mzima ukanigeukia. Nilikuwa bado nimeushika mkono wa Mzee, nikasimama hivyo hivyo.

"Kitabu nilichosoma hakikuwa na mwisho," nikawaambia. "Kurasa zilichanika. Ule mwisho mliousikia miaka yote niliutunga mimi. Huyu alijua, akanifichia. Sikuweza kumrudisha mtoto wa kitabuni, wangu akiwa makaburini."

Nilisubiri manung'uniko. Mzee mmoja nyuma alikohoa. Ndipo Mwanvua akasimama, kitenge begani, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo:

"Mwalimu, huu tumeuona, ni mzuri. Sasa zima, utupe na ule wetu."

Onesmo akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali. Akazima, na giza likawa lile alilolieleza Mwanvua, matundu ya mabati na vumbi likielea. Sikuwa nimeandika maneno ya hapo. Niliwaambia Yusta alitembea kando ya mabehewa mpaka la mwisho. Niliwaambia aliinua taa, akaita. Nikakwama. Wakaningoja, hakuna aliyenisaidia, na walifanya vizuri kutonisaidia.

"Stephania," nikasema.

Nililisema mara ya pili, nikalisema mara ya tatu, na katika lile giza nikasikia kofia zikivuliwa. Yusta alirudi ndani, nikawaambia, akaisafisha taa, akaitundika kwa ajili ya treni ya Alhamisi.

Mzee akasema, "Haya." Na filamu ikaisha.

15 Agosti
Ziwa limefunguliwa. Jioni tulikaa barazani tukiangalia mitumbwi ikitoka na taa zake, mmoja baada ya mwingine. Dawa ilikuwa imechelewa. Nilisimama mlangoni na kikombe cha maji, nikamwita, "Baba Stephania."

Aligeuka pale pale.